Kutu Nayo ni Ushahidi: Jinsi Bastola ya Kale Inavyopimwa

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii huwa tunaitia kwenye insha ili tupate alama, kisha tunaisahau. Mwaka huu nimeiona ikifanya kazi mezani, mbele ya macho yangu mawili, juu ya kitu ambacho wengi wenu hamngekitarajia katika jarida la Chama cha Kiswahili: bastola ya kijeshi ya fataki, yenye umri wa zaidi ya karne moja na nusu.

Nia yangu ni kueleza jinsi wajuzi wanavyoipima hali ya bastola kama hiyo kwa ajili ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Msidhani wakusanyaji wako Ulaya tu. Hayati Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu, nguo, mapambo na vinyago kwa maisha yake yote, na leo mikusanyo yake inaonekana katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa na katika Nairobi Gallery, hapo katikati ya jiji. Kukusanya ni elimu. Na msingi wa elimu hiyo ni swali moja: kitu hiki kiko katika hali gani, na je, hali hiyo ni ya kweli?

FATAKI NI NINI?

Siku hizi tukisema fataki, watu wa Westlands na Parklands wanafikiria zile zinazolipuka angani wakati wa Diwali na mkesha wa mwaka mpya. Lakini neno hili lina kazi nyingine ya zamani. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba, kidogo hata kuliko ncha ya kidole chako cha mwisho, chenye dawa ndani inayolipuka ikigongwa.

Kabla ya fataki kulikuwa na bunduki za gumegume. Gumegume ni jiwe. Jiwe lilipigwa kwenye chuma, cheche ikaruka, baruti ikawaka. Lakini mvua ikinyesha, basi! Umeshika gongo tu. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya njia ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Vikofia vya shaba vikafuata baadaye, na kufikia miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanaziacha gumegume.

Silaha kuukuu za majeshi hayo zilikwenda wapi? Nyingi zililetwa huku kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mataifa ya Ulaya yakaogopa. Katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 wakakubaliana kuzuia silaha kuingia, wakaacha mlango mdogo tu kwa gumegume zisizo na mifuo ndani.

Ndiyo maana Kiswahili kina msamiati wa mambo haya tangu zamani. Bunduki inayoshindiliwa kwa mbele ni gobori. Bomba ambalo risasi hupitia ni kasiba. Ufito wa kushindilia ni mdeki. Kile kichuchu cha chuma ambacho fataki huvikwa juu yake ni kifa. Kuuvuta mtambo nyuma tayari kwa kupiga ni kupanza mtambo. Tazameni basi! Wazee wa pwani walikuwa na jina la kila kipande, sisi tunasema "ile kitu ya hapo nyuma". Maskini ni nani?

Bastola ya kuzunguka ni mtoto wa enzi hiyo ya fataki. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza yake Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Badala ya kasiba nyingi, aliweka kasiba moja na nyuma yake silinda yenye vyumba. Kila chumba kilitiwa baruti, kisha risasi ya duara ikashindiliwa kwa wenzo ulio chini ya kasiba, kisha fataki ikavikwa kwenye kifa kilicho nyuma ya chumba hicho. Mtu akipanza mtambo, silinda inazunguka na chumba kipya kinakaa sawa na kasiba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 risasi za kisasa zenye ganda zilikuwa zimeanza kuisukuma fataki kando. Reli ilipofika hapa Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza, bastola ya fataki ilikuwa tayari ni mzee. Ni kubwa kwa umri kuliko jiji letu zima.

MTOTO WA KANGEMI NA BASTOLA WAPI NA WAPI?

Swali zuri. Nyanya yangu, mama yake mama, alifanya kazi ya nyumbani kwa mzee mmoja huko Spring Valley kwa miaka 31. Mzee alipofariki, wosia wake ulimwachia nyanya sanduku la mti, na ndani ya sanduku mna bastola ya kale. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ati miaka yote hiyo, zawadi ni chuma!

Wakili aliyesimamia wosia alikuwa mtu mwangalifu. Hakumpa nyanya kitu mkononi. Kwanza alipeleka habari polisi, kisha silaha ikawekwa kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, huko mjini, mpaka mambo yaamuliwe kisheria. Lakini maneno yana miguu. Kabla ya wiki mbili kwisha, broka mmoja wa vitu vya kale alimfuata nyanya hadi nyumbani. Akamwambia hiyo ni chuma kuukuu iliyojaa kutu, haing'ai, haina soko. Kwa huruma yake atampa shilingi 5,000, atie sahihi tu, usumbufu wote atauchukua yeye.

Nyumbani kulikuwa na salio la karo yangu na ya ndugu yangu. Nyanya akaishika kalamu. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa saa hapa Westlands, ndiye aliyeizuia ile kalamu. Akamwambia, "Mama, usiuze kitu usichokijua. Ngoja kipimwe na mtu asiyetaka kukinunua."

Basi siku ya kupimwa ilipofika, nyanya, mjomba na mimi tulikwenda. Mpimaji alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa silaha. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma ya meza, mikono mgongoni. Niliyoyaona na kuyauliza ndiyo haya.

KWANZA, USALAMA

Jambo la kwanza mzee hakutazama uzuri wala ubaya. Alitazama kama imejazwa. Bastola ya fataki inaweza kukaa imejazwa miaka mia moja, kwa sababu baruti kavu haisahau kazi yake. Alielekeza kasiba kwenye mfuko wa mchanga, akakagua kila kifa kama kimevikwa fataki, kisha akamulika tochi upande wa mbele wa silinda kuona kama kuna risasi ndani ya vyumba. Vilikuwa vitupu. Hapo ndipo alipovuta pumzi na sisi tukavuta zetu. Nawaambia wenzangu: kazi hii si ya mwanafunzi, na si ya mtu yeyote asiye na ruhusa. Ukikuta silaha ya kale, usiiguse, ita wanaohusika.

PILI, NI HALISI AU NAKALA?

Tangu miaka ya 1950 mafundi wa Italia, hasa wa mji wa Gardone Val Trompia, wametengeneza nakala nyingi sana za bastola hizi kwa wapenda michezo. Nakala si kosa. Kosa ni mtu kuizeesha nakala kwa tindikali kisha akuambie ilipigana vita vya Crimea. Nakala za Kiitaliano huwa na muhuri wa nyota na herufi PN, ambazo kwa Kiitaliano ni kifupi cha baruti nyeusi. Mdanganyifu hufuta muhuri huo kwa msasa. Kwa hiyo mpimaji akiona bonde dogo lisilo na sababu kwenye chuma, anauliza: hapa palikuwa na nini?

Ya nyanya ilikuwa na maandishi juu ya kasiba: ADDRESS COL. COLT LONDON. Colt alikuwa na kiwanda London kuanzia mwaka 1853, na hakikudumu; kilifungwa baada ya miaka michache tu. Bastola hii ni ile aina iitwayo Navy ya 1851, yenye vyumba sita, kasiba ya pembe nane yenye urefu wa inchi saba na nusu, na tundu la inchi 0.36, yaani kama milimita tisa. Serikali ya Uingereza ilinunua maelfu ya aina hii wakati wa vita vya Crimea, kwa hiyo zile za kijeshi zina kimshale kidogo, alama ya mali ya serikali. Pia kulikuwa na mihuri ya London ya kuonyesha kwamba ilijaribiwa kwa baruti kabla ya kuuzwa: taji juu ya V, na taji juu ya GP. Mzee aliitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu. Akasema, "Mihuri ya kweli iligongwa kabla ya chuma kutiwa rangi. Ya uongo hugongwa baadaye, na kingo zake hubaki zimeinuka kama tuta la kamba."

TATU, NAMBARI

Colt alizipa bastola zake nambari, na nambari hiyo hiyo iligongwa kwenye vipande vingi: mwili, kasiba, silinda, kilinda kidole, mgongo wa mpini, hata ile kabari ndogo inayoshikilia kasiba isitoke. Mkusanyaji anataka zote zikubaliane. Zikikubaliana, maana yake vipande hivi vimezeeka pamoja kama mume na mke. Zisipokubaliana, kuna kipande ni mgeni.

Za nyanya zilikubaliana moja baada ya nyingine. Mjomba akaanza kutabasamu. Ikafika zamu ya kabari. Mzee akaitoa, akaigeuza, akanyamaza. Nambari tofauti! Kabari ilikuwa halisi, ya Colt, lakini ya bastola nyingine. Kumbukeni kabari hii, tutairudia.

NNE, CHUMA CHENYEWE

Hapa ndipo watu wengi huharibu mali yao. Bastola hizi zilipotoka kiwandani kasiba na silinda zilikuwa na rangi ya samawati nzito, ambayo si rangi ya kupaka bali ni ngozi nyembamba inayofanyizwa juu ya chuma chenyewe. Mwili na wenzo ulikuwa na mawimbi ya rangi ya kijivu na hudhurungi yaliyotokana na kukazwa kwa moto. Kadiri miaka inavyopita ngozi hii hulika. Mpimaji hukadiria kwa asilimia: ngozi ya asili imebaki kiasi gani? Mahali pa kuitafuta ni mafichoni, kama vile nyuma ya wenzo, ambapo mkono na ala ya ngozi havikufika.

Kisha anapima kona. Kasiba ya pembe nane lazima iwe na kingo kali. Kingo zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, basi kuna mtu amepita na msasa au gurudumu la kusugulia. Halafu silinda. Kwenye silinda ya Navy kulichorwa picha ya vita vya meli vya Campeche, vya tarehe 16 Mei 1843, kati ya jeshi la maji la Texas na la Mexico. Mchoro huu una kina kidogo sana, kama mkwaruzo wa kucha. Ndio wa kwanza kufutika. Ukiona meli bado zinasafiri juu ya silinda, jua bastola hiyo haikuteswa.

Na kutu je? Kutu si moja. Kuna kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni. Hiyo iko hai, inakula, inafaa kuzuiwa kwa mafuta na mtaalamu. Kuna rangi ya hudhurungi iliyotulia, laini kama ganda la njugu. Hiyo ni uzee tu, nayo inalinda chuma. Halafu kuna vishimo, uso ukawa kama wa mtu aliyeugua ndui. Moshi wa baruti na wa fataki hunyonya unyevu na kuchimba chuma, kwa hiyo vishimo karibu na vifa ni jambo la kawaida. Bastola iliyochakaa nje lakini nyuma ya silinda ni safi kama sahani mpya inatia shaka: pengine silinda imebadilishwa. Kanuni ya mzee ilikuwa hii: uchakavu lazima ukubaliane. Bastola haizeeki mguu mmoja.

Mahali pia pana neno lake. Chuma kilichokaa Mombasa au Lamu, kwenye hewa ya chumvi, huliwa upesi kuliko kilichokaa huku Nairobi kwenye hewa kavu ya nyanda za juu.

Mzee akamgeukia nyanya akamwuliza, "Mama, nani alikuwa anaitunza hii?"

Nyanya akajibu, "Ni mimi. Kila Ijumaa nilikuwa nang'arisha vijiko na sahani za fedha. Hii nilikatazwa kuing'arisha. Niliipangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, nikairudisha. Hata sikujua kwa nini."

"Basi ujue leo," mzee akasema. "Ungeing'arisha hata mwaka mmoja, hizi meli zingezama zote."

Nilimtazama nyanya. Mwanamke huyu hakupita darasa la nne, na kwa miaka 31 alikuwa anafanya kazi ya makumbusho bila kuitwa kwa jina hilo.

TANO, MTAMBO NA NDANI YA KASIBA

Mzee aliupanza mtambo polepole, akiushika kinyundo kwa kidole gumba ili kisianguke. Kwenye nusu ya safari silinda lazima izunguke kwa uhuru. Ikifika mwisho lazima ijifunge isitikisike. Hakufyatua. Kufyatua bila fataki kunakifanya kinyundo kigonge vifa vitupu mpaka vivimbe vichwa. Yule anayechukua bastola ya kale na kufyatua "kak kak kak" kama sinema anakula fedha za mwenyewe.

Mtambo si jambo la mapambo. Tarehe 19 Aprili 1855, kambi ya Richard Burton na John Speke ilishambuliwa usiku huko Berbera, pwani ya Somalia. Mwenzao Stroyan aliuawa, Burton akachomwa mkuki mashavuni. Speke aliinua bastola yake, lakini wapi! Silinda ilikwama, haikuzunguka. Alitekwa na akapata majeraha kumi na moja kabla ya kuponyoka. Huyo ndiye Speke ambaye miaka mitatu baadaye alifika ziwa tunaloliita Viktoria. Mtambo uliokwama nusura uandike historia nyingine.

Ndani ya kasiba mzee alimulika taa. Mle mna mifuo inayozunguka kama njia ya konokono, kazi yake ni kuizungusha risasi iende sawa. Alitaka kuona kingo za mifuo na kuhesabu vishimo. Yetu ilikuwa na mifuo inayoonekana vizuri, na vishimo vichache karibu na mdomo.

SITA, MPINI NA SKRUBU

Mpini ni wa mti wa Ulaya uitwao mjozi. Mti na chuma lazima vikutane sawasawa; mti ukiwa chini ya chuma, umesuguliwa. Ufa uliozibwa kwa gundi ya kisasa hupunguza daraja. Vichwa vya skrubu navyo ni mashahidi: vikiwa vimeliwa na bisibisi isiyotosha, ujue wageni wengi wameingia mle ndani bila hodi.

SABA, KARATASI

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa marehemu, ikisema baba yake alishuka Mombasa na bastola hii mwaka 1920. Karatasi kama hiyo huongeza thamani kwa mkusanyaji, kwa sababu inampa kitu ukoo wake. Ina uzito kisheria pia, nami nitaeleza hapo chini.

MADARAJA

Wakusanyaji wengi duniani hutumia madaraja yaliyowekwa na National Rifle Association ya Marekani kwa silaha za kale. Kwa ufupi na kwa Kiswahili chetu ni hivi:

1. Kama mpya: vipande vyote vya asili, ngozi ya asili asilimia 100, ndani na nje.
2. Bora: vipande vyote vya asili, ngozi ya asili zaidi ya asilimia 80, maandishi makali.
3. Safi: vipande vyote vya asili, ngozi zaidi ya asilimia 30, maandishi bado makali.
4. Nzuri sana: vipande vyote vya asili, ngozi kuanzia sifuri hadi asilimia 30, lakini chuma ni laini, kingo kali na maandishi yanasomeka.
5. Nzuri: vipande vidogo vichache vimebadilishwa, kutu au vishimo vyepesi hapa na pale, maandishi makuu yanasomeka, mtambo unafanya kazi.
6. Wastani: vipande vikubwa vimebadilishwa, chuma kimesuguliwa sana, kingo zimeviringika.
7. Duni: imeliwa, imebadilishwa, haitamaniki.

Oneni jambo la ajabu. Bastola isiyo na hata chembe ya ngozi ya asili yaweza kuwa "nzuri sana" ikiwa haikudanganywa. Lakini inayong'aa kama sufuria ya arusi, iliyosuguliwa na kutiwa rangi upya, huanguka hadi "nzuri" au chini zaidi. Mkakasi huo!

Ya nyanya ilikuwa na ngozi kama asilimia 20. Bila kabari ingekaa "nzuri sana". Kwa sababu ya kabari, mzee aliandika "nzuri".

Palikuwa na mtu mwingine dukani, mteja sijui, aliyesikia yote. Akacheka akasema, "Mama, kwani namba ni nini? Ni kugonga tu. Futa ile, gonga hii, nani atajua? Umepanda daraja." Moyo wangu ulidunda, sitawaficha. Nilifikiria karo. Mjomba pia alinyamaza, na mjomba ana mikono ya kufanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Nyanya akasema, "Mwanangu, sikukitunza miaka thelathini na mmoja ili nije nikidanganyie mwishoni. Mzee, andika kabari si yake."

Ikaandikwa. Na sasa sikilizeni. Ofa ya kwanza ya maandishi iliyomfikia nyanya kupitia kwa wakili, kutoka kwa mnunuzi mwenye cheti, ilikuwa mara ishirini ya zile 5,000 za broka. Mnunuzi alisema kilichomvuta ni ile sentensi kuhusu kabari: kama muuzaji amesema hilo, basi mengine yote atayaamini. Salio la karo limelipwa.

SHERIA INASEMAJE?

Msinielewe vibaya mkaanza kuchimbua stoo za watu. Kwanza, uzee hauifanyi bunduki isiwe bunduki. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mambo ya vyeti na leseni yako chini ya bodi maalumu. Anayerithi au kuokota silaha ya kale aende polisi au kwa wakili kabla ya kitu kingine chochote.

Pili, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Hapo ndipo ile karatasi ya sanduku ilipokuwa na kazi: bastola ya nyanya ilitengenezwa kabla ya 1895, lakini iliingia nchini mwaka 1920. Sheria inauliza iliingia lini, si kuzaliwa tu. Lau ingeingia na misafara ya zamani, mambo yangekuwa mengine. Ukiwa na shaka, Makumbusho ya Kitaifa si mbali nasi, yapo hapo Museum Hill tangu mwaka 1930, na kuuliza si ujinga.

USHAURI KWA WENYE VITU VYA KALE

Si lazima iwe bastola. Nyumbani kwenu pengine kuna saa ya babu, sarafu, upanga wa kimila, redio ya mti, birika la shaba. Kanuni ni zile zile. Usisugue kwa mchanga, msasa wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kitu cha chuma kipanguse kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya mashine, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi, na chumvi huzaa kutu. Usikifungie ndani ya ngozi au mfuko wa plastiki, unyevu utakaa humo. Karatasi na picha zinazohusu kitu hicho ziweke pamoja nacho. Waulize wazee wangali hai: kilitoka wapi, mwaka gani, nani alikileta? Andika. Na mtu akija mlangoni kukuambia ulicho nacho ni takataka, lakini yeye yuko tayari kuinunua leo leo, jiulize kwa nini ana haraka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kutu waweza kuizuia kesho, daraja waweza kulijua mwaka ujao, mnunuzi waweza kumpata hata baada ya miaka kumi. Lakini alama iliyofutwa kwa msasa, awe nani, hakuna fundi wa kuirudisha.